Misako ya pamoja na bonde la pili

Tarehe 30 Novemba 2021 ndege na mizinga ya Uganda vilipiga kambi za waasi wa ADF ndani ya Kongo, magharibi ya milima ya Rwenzori. Muda si mrefu askari wa miguu wakavuka mpaka kuungana na wenzao wa FARDC, jeshi la Kongo. Wiki mbili kabla ya hapo, mabomu ya kujitoa mhanga yalikuwa yameua watu katikati ya Kampala. Kinshasa ilikubali, operesheni ikapewa jina la Shujaa, na tangu siku hiyo taarifa za jeshi zimekuwa zikija kwa mtindo mmoja: kambi fulani imetekwa, bunduki kadhaa zimekamatwa, waasi kadhaa wameuawa, mateka wameokolewa.

Taarifa za namna hiyo mara nyingi ni za kweli. Ninachozilalamikia ni kwamba zinakomea ukingoni mwa bonde lililosakwa. Anayetaka kujua msako umefanya nini hana budi kwenda bonde linalofuata, lile walikokimbilia waasi, na kuwauliza watu wa huko yaliyowapata wiki chache baadaye. Mashariki ya Kongo kumepita zaidi ya miaka kumi na mitano ya operesheni za pamoja: majeshi mawili, majeshi matatu, wakati mwingine na Umoja wa Mataifa. Karibu kila mara, walioumia zaidi ni wakazi wa bonde la pili, ambao hawakuwamo kwenye mpango wa mtu yeyote.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana mengi yanatokana nayo. Kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Chini ya theluji yake kuna misitu ya mianzi, kisha mabonde membamba yanayoporomoka pande zote mbili: mashariki kuelekea Kasese na Bundibugyo, magharibi hadi bonde pana la mto Semliki, unaotoka Ziwa Edward kwenda Ziwa Albert. Mpaka wa Uganda na Kongo umepita mgongoni mwa mlima. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa asili moja, wanaoana na kuzikana, na njia zao za miguu ni kongwe kuliko mpaka huo. Mvua hainyeshi kwa msimu tu huko juu. Ukungu hushuka mchana, helikopta haioni kitu, redio hukatika nyuma ya kila mgongo wa mlima, na kikosi kilichoko bonde moja hakiwezi kukifikia kikosi cha bonde jirani bila kupanda na kushuka siku nzima.

Mlima huu una historia ndefu ya kuhifadhi wanaoikataa serikali. Vuguvugu la Rwenzururu lilianza 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda, na halikuweka silaha chini hadi 1982, wakati kiongozi wake, Charles Wesley Mumbere, alipokubaliana na serikali ya Obote. Mwaka 1988 likazaliwa kundi la NALU, na kiongozi wake, Amon Bazira, akauawa Kenya mwaka 1993. Mabaki ya NALU ndiyo yaliyowapokea vijana wa Kitabliki waliotoka Uganda ya kati, na kwa muungano huo ADF ikajitokeza tarehe 13 Novemba 1996 kwa kuushambulia mji wa mpakani wa Mpondwe. Wageni walikuja na itikadi na fedha. Wenyeji walikuja na ujuzi wa njia, majina ya wazee, wake na wakwe upande wa Kongo. Bila hao wa pili, nadhani hao wa kwanza wasingemaliza mwaka mmoja msituni.

Sasa, msako wa bonde hufanywaje? Kwenye karatasi ni kazi nyepesi. Kikosi kimoja huziba midomo ya bonde na mapito ya juu. Kingine huingia kutoka chini na kupanda polepole, kijiji kwa kijiji, shamba kwa shamba, kikiwasukuma waliomo kuelekea kwa waliojificha wakisubiri. Nyumba hupekuliwa, wanaume hukusanywa uwanjani, mapango hukaguliwa, udongo uliofukuliwa karibuni huchokonolewa. Ramani ikionyesha bonde lina milango miwili, huwekwa vikosi viwili. Lakini bonde la milimani halina milango miwili. Lina vijito vinavyoingia ubavuni, kila kijito na kijibonde chake, na kila kijibonde kina njia ya mbuzi ambayo mtu asiye na mzigo huipanda usiku. Hakuna jeshi la kanda hii lenye askari wa kutosha kuketi kwenye kila njia ya mbuzi. Kwa hiyo anayenaswa mara nyingi ni mzee, mgonjwa, mwanamke mwenye watoto, au kijana aliyetekwa nyara mwezi uliopita na hajui njia. Mpiganaji mzoefu huwa amekwisha ondoka.

Huondoka mapema kwa sababu amepata habari, na hapa ndipo ushirikiano wa majeshi huleta udhaifu ambao viongozi hawapendi kuusema hadharani. Kila jeshi linaloongezwa kwenye mpango ni makao makuu mengine, wakalimani wengine, na watu wengine wanaojua saa ya kuanza. Aprili 1984 Wasovieti na jeshi la serikali ya Afghanistan waliingia bonde la Panjshir kwa shambulio la saba, kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Ahmad Shah Massoud, kiongozi wa waasi wa bonde hilo, alikuwa na watu wake ndani ya jeshi la Kabul, na kabla mabomu hayajaanguka alikuwa amewahamisha wapiganaji na wakazi. Bonde lilitwaliwa likiwa tupu. Kwa upande wa Beni, mashariki ya Kongo, Kanali Mamadou Ndala, kamanda aliyependwa sana na watu wa Kivu, aliuawa tarehe 2 Januari 2014 kwa kuviziwa karibu na mji huo, operesheni ya jeshi la Kongo dhidi ya ADF, Sukola I, ikiwa ndiyo kwanza inaandaliwa. Novemba mwaka huo mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo ofisa wa jeshi lake mwenyewe kwa kushirikiana na ADF. Mtu akiuliza kwa nini wakulima wa Beni wanasita kumnong'oneza askari habari za waasi, jibu moja liko katika hukumu hiyo.

Nije kwenye silaha. Bunduki iliyopakwa mafuta, ikafungwa nailoni na kuzikwa chini ya migomba, hukaa miaka. Risasi ndizo huharibika mapema kwa unyevu. Kifaa cha kutafutia chuma kinaweza kuigundua kikipita juu yake, lakini bonde lina migomba maelfu na vyuma vya kila namna ardhini: majembe yaliyovunjika, mabati, misumari. Kwa hali halisi silaha zilizofichwa hazipatikani kwa kuchimba. Hupatikana kwa kutajwa. Mtu fulani, jirani au shemeji, anasema ziko pale. Mtu huyo akishasema, msako unapata bunduki zake na picha yake ya magazetini, na askari wanaondoka. Yeye anabaki na jirani zake.

Kwa hiyo swali kubwa la kila msako wa silaha ni hili: nini kinamfanya mtu aseme? Zipo njia kadhaa, na mojawapo tumeiona kwa macho yetu Kenya. Katika wilaya ya Mlima Elgon, kundi la SLDF lilichukua silaha kwa sababu ya mgogoro wa ardhi katika mradi wa makazi wa Chebyuk, ulioanza 1971 na kuzaa chuki kila ulipogawiwa upya. Kati ya 2006 na 2008 liliua zaidi ya watu 600, likakata watu masikio, likatoza kodi, likabaka. Machi 2008 jeshi na polisi wakaanzisha Operesheni Okoa Maisha, na wananchi wengi mwanzoni waliwapokea kwa furaha, jambo linalopaswa kukumbukwa. Kisha wanaume wakaanza kukusanywa, kijiji baada ya kijiji, maelfu yao, wakapelekwa kwenye kambi ya Kapkota. Huko walipitishwa mbele ya watoa habari waliofichwa nyuso, na waliotajwa walipigwa ili waseme bunduki ziko wapi. Human Rights Watch na mashirika ya Kenya yaliandika kwa kirefu mateso hayo, na wanaume ambao hawakurudi nyumbani.

Bunduki zilipatikana, kweli. Kiongozi wa SLDF, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei 2008 na kundi likasambaratika. Kijeshi, ile ni mojawapo ya operesheni chache za kanda hii zilizotimiza lengo lake kwa miezi michache. Sipendi kuupuuza ukweli huo, kwa maana watu wa Elgon walilala usingizi baada ya miaka miwili ya kutisha. Ila mtu anayepigwa hutaja chochote, na asiye na bunduki hulazimika kuitafuta ili apate cha kusalimisha. Wanawake wa Cheptais na Kopsiro walibaki bila waume na bila cheti cha kifo, hivyo bila haki ya kuuza shamba wala kufungua mirathi. Shauri lilipopelekwa Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha, mwaka 2012 lilitupwa na kitengo cha rufaa kwa sababu ya kuchelewa kufunguliwa. Ardhi ya Chebyuk, chanzo cha yote, haikuguswa na operesheni.

Tukirudi Beni, suala la silaha lina ugumu mwingine ambao taarifa za jeshi huupita haraka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekuta mara kwa mara kwamba sehemu kubwa ya silaha na risasi za ADF zinatoka kwa jeshi la Kongo lenyewe, zikitekwa katika mashambulizi dhidi ya vituo vyake. Ghala la waasi, kwa maneno mengine, ni kituo kidogo cha askari waliosahauliwa, wasiolipwa kwa wakati, wasio na redio ya kuita msaada. Kila kituo dhaifu kinachowekwa bondeni baada ya msako ni bunduki zinazosubiri mwenyewe mpya. Na ukiisoma orodha ya mauaji tangu 2014, utaona wengi waliuawa kwa panga na shoka. Panga liko katika kila nyumba kutoka Oicha hadi Kasindi, kwa sababu ndilo linalofyeka shamba na kuvuna kakao. Unaweza kuzifukua bunduki zote za Semliki na bado usiwe umeondoa chombo kilichoua watu wengi zaidi.

Hapo ndipo hesabu ya bunduki zilizokamatwa inaponiudhi. Inapendwa kwa sababu inaweza kupangwa juu ya turubai na kupigwa picha mbele ya waandishi. Haisemi kama mama wa Mbau, huko Beni, anaweza kwenda shambani kesho.

Operesheni zenyewe, zikipangwa kwa mfululizo, zinatisha. Tarehe 20 Januari 2009 Rwanda na Kongo, zilizokuwa zimepigana kwa miaka, ziliingia pamoja katika milima ya Kivu ya Kaskazini kuwasaka waasi wa Kinyarwanda wa FDLR. Operesheni ikaitwa Umoja Wetu na ikadumu hadi 25 Februari. FDLR walipanda msituni, wakasubiri Wanyarwanda waondoke, kisha wakateremka kuwaadhibu wanakijiji waliowapokea askari. Ikafuata Kimia II, jeshi la Kongo likisaidiwa na MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, kwa chakula, mafuta na usafiri. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei 2009 waasi waliingia Busurungi, katika vilima vya Walikale, wakaua raia wasiopungua 96, kulipiza kisasi kwa shambulio la jeshi wiki mbili zilizotangulia. Oktoba mwaka huo muungano wa mashirika ya misaada na haki za binadamu ulitoa hesabu ya kuogofya. Wapiganaji 1,071 wa FDLR walikuwa wamenyang'anywa silaha, na katika muda huohuo raia zaidi ya 1,000 waliuawa, wanawake na wasichana 7,000 walibakwa, nyumba zaidi ya 6,000 zilichomwa na watu karibu 900,000 wakakimbia makwao. Kwa kila mpiganaji mmoja aliyeondolewa vitani, raia mmoja aliuawa na wanawake saba wakabakwa. Sijui mzazi yupo wapi ambaye angekubali biashara hiyo kama angeulizwa kabla.

Kabla ya Umoja Wetu, Desemba 2008, Uganda, Kongo na jeshi la Sudan ya Kusini walikuwa wameshambulia kambi za waasi wa Uganda wa LRA huko Garamba. Ile ni nchi ya tambarare, lakini kosa lilikuwa hilohilo: kambi zilipigwa, na hakuna aliyepelekwa kulinda vijiji vilivyokuwa kwenye njia ya kukimbilia. Katika Krismasi na wiki zilizofuata LRA waliua raia zaidi ya 600.

Beni nayo ikaja. Aprili 2014 jeshi la Kongo liliteka Madina, kambi kuu ya ADF, na makamanda wakasema kundi limevunjika mgongo. Oktoba mauaji ya raia yakaanza kuuzunguka mji, na kufikia mwisho wa mwaka mamia walikuwa wamekufa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba waliohusika hawakuwa ADF peke yao. Kamanda mmoja aliyekuwa ameiongoza operesheni ya Sukola I aliwekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Mwaka 2015 kiongozi wa ADF, Jamil Mukulu, alikamatwa Tanzania na kupelekwa Uganda, na wengi tukatarajia mwisho. Musa Baluku alichukua nafasi yake na kulifungamanisha kundi na Dola la Kiislamu. Mwisho wa Oktoba 2019 jeshi la Kongo likaanzisha operesheni nyingine kubwa, na Januari 2020 Madina ikatekwa tena. Safari hii waasi waligawanyika katika makundi madogo, mengine yakaelekea kaskazini na magharibi, Irumu na Mambasa, sehemu za Ituri ambazo hazikuwa zimezoea kulaliwa na hofu ya ADF. Raia waliuawa kwa mamia. Novemba 2019 wananchi wa Beni wenye hasira walichoma ofisi ya meya na kuvamia kambi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichorithi MONUC. Walikuwa wakisema kitu kimoja: jeshi linakwenda porini kuwatimua nyuki, na sisi ndio tunaoumwa.

Kwa Watanzania, bonde la Semliki si jina la kwenye ramani tu. Machi 2013 Baraza la Usalama liliunda, kwa azimio namba 2098, kikosi cha kuingilia kati chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chenye mamlaka ya kushambulia waasi. Tarehe 7 Desemba 2017 ADF walivamia kituo cha Semuliki, kwenye barabara ya Mbau hadi Kamango, na askari 15 wa JWTZ wakauawa pamoja na askari wa Kongo. Novemba 2018, katika operesheni ya pamoja ya FARDC na Umoja wa Mataifa huko Kididiwe, walikufa walinda amani saba, sita wa Malawi na mmoja wa Tanzania. Vijana hao wa Tanzania walikwenda kuwalinda watu wanaozungumza Kiswahili kama wao. Nawaheshimu, na kwa heshima hiyohiyo nasema waliwekwa mahali ambapo kituo kimoja kilichojitenga msituni kilitarajiwa kulinda barabara nzima, msaada ukiwa mbali.

Je, kuna msako uliofaulu kweli? Ninaujua mmoja unaokaribia, nao ulifanyika upande wa Uganda wa mlima huohuo. Mwaka 1998 ADF walichoma mabweni ya chuo cha ufundi cha Kichwamba na kuua wanafunzi 80. Bundibugyo peke yake watu zaidi ya 100,000 walikuwa wamekimbilia makambi. Kufikia 2001 waasi walikuwa wametimuliwa kutoka Rwenzori ya Uganda, na Wakonzo na Waamba wakaanza kurudi kwenye migomba na kahawa yao. Jeshi lilipanda juu ya mlima na kukaa huko, badala ya kuingia bondeni mchana na kurudi barabarani jioni. Likaandikisha vijana wa hapohapo katika vikosi vya ulinzi vya kienyeji, watu wanaojua kila njia ya mbuzi kwa jina la babu aliyeipitisha. Na Januari 2000 ikaanza kutumika Sheria ya Msamaha, ambayo kwa miaka iliyofuata iliwapokea watu zaidi ya 26,000 kutoka makundi mbalimbali, wakiwemo wa LRA. Mtu wa ADF aliyechoka kula majani alikuwa na mahali pa kwenda na bunduki yake bila kupigwa risasi. Hapo silaha zilitajwa na wenyewe waliozibeba.

Lakini hata mfano huo una doa, na ni doa la ushirikiano. Uganda iliweza kuufunga mlima pande zote mbili kwa sababu kuanzia 1998 jeshi lake lilikuwa ndani ya Kongo bila ridhaa ya wenye nchi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta na hatia mwaka 2005, na tarehe 9 Februari 2022, Shujaa ikiwa na miezi miwili tu, ikaiamuru iilipe Kongo dola milioni 325. Wakongo wa Beni na Bunia waliwaona wanajeshi wa Uganda wakirudi kama wasaidizi huku deni la ziara ya kwanza likiwa bado halijalipwa. Na waasi waliofukuzwa Uganda mwaka 2001 hawakuyeyuka. Walivuka mgongo wa mlima. Bonde la pili la operesheni ile iliyofaulu ni Beni.

Shujaa yenyewe imeleta nafuu mahali fulani, na asiyekiri hivyo hawatendei haki wakulima waliorudi. Eneo lililo karibu na mpaka, kati ya Kasindi na mji wa Beni, lilipata utulivu ambao halikuwa limeuona kwa miaka, na bonde la Mwalika ndani ya Hifadhi ya Virunga, lililokuwa maskani ya waasi, likapigwa kwa nguvu. Makubaliano ya nchi hizi mbili yalihusisha pia ujenzi wa barabara za kilomita 223, na barabara bondeni inasaidia zaidi ya kifaru: askari hufika kwa saa, kakao hufika sokoni, na mtoa habari anapata pa kukimbilia. Hata hivyo, usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi walipita katikati ya majeshi hayo mawili, wakaingia Mpondwe upande wa Uganda na kuua watu zaidi ya 40, wakiwemo wanafunzi 37 wa shule ya Lhubiriha. Wengine walisogea magharibi, Mambasa, kisha kusini magharibi hadi misitu ya Lubero. Julai 2025 waumini zaidi ya 40 waliuawa kwenye kanisa la Komanda, Ituri. Septemba 2025 ikawa zamu ya Ntoyo, Lubero, watu wakiwa msibani, na waliouawa wakafikia 60 na zaidi. Vijiji hivyo viko mbali na mahali Shujaa ilipoanzia, na idadi yao haitajwi kwenye taarifa za mafanikio ya Mwalika.

Mimi naamini inapaswa kutajwa. Operesheni ya pamoja inapoandaliwa, kitu cha kwanza kwenye meza ya makamanda kingekuwa orodha ya vijiji vilivyo umbali wa mwendo wa siku mbili, tatu na nne kutoka kwenye kambi inayokusudiwa, na mbele ya kila jina iandikwe nani atakuwa pale usiku huo, ana redio gani, amelipwa mshahara wa mwezi gani. Kama askari hawatoshi kwa vijiji hivyo, hawatoshi kwa shambulio. Najua jibu la wanajeshi: ukitawanya askari vijijini huna wa kushambulia nao, na kambi isiyoshambuliwa inaendelea kuteka watoto. Ni hoja nzito, na mzazi ambaye binti yake yuko mikononi mwa ADF hatataka kusikia habari ya kusubiri. Lakini rekodi ya Busurungi, Garamba, Beni ya 2014 na Beni ya 2019 inaonyesha kwamba kambi iliyoshambuliwa bila kulinda njia za kutokea huzaa mateka wapya, mbali zaidi.

Suala la kujisalimisha nalo limeachwa nyuma mno. Kongo ilianzisha mwaka 2021 mpango wa kuwapokonya wapiganaji silaha na kuwarudisha katika jamii, na wapiganaji wa makundi ya kienyeji wengi waliosogea kambini walirudi msituni kwa njaa. Kwa mtu wa ADF mambo ni magumu zaidi. Wengi wao walichukuliwa utotoni, wameozwa kambini, hawajui nchi ipi ni yao, na wakitoka wanakutana na wanakijiji ambao ndugu zao wamechinjwa. Uganda bado ina uzoefu wa msamaha wa mwaka 2000. Katika miaka yote ya Shujaa, mpango wa pamoja wa kupokea wanaojisalimisha ungestahili kupewa uzito sawa na mizinga.

Na wenyeji wa bonde waulizwe. Beni ina wakuu wa nyumba kumi, wanaojua mgeni aliyelala mtaani na familia iliyohamia juzi kutoka Mamove. Hawa ndio wanaoweza kutaja silaha zilipo bila kupigwa, na ndio wanaouawa kwanza habari ikivuja. Jeshi linalotaka neno lao lingepaswa kuwalinda kwa jina, kuwahamisha na familia zao wanapotishiwa, na kuwaadhibu hadharani maofisa wanaoyauza majina yao. Tangu waasi wa M23 wauteke mji wa Goma mwisho wa Januari 2025, vikosi vingi vya Kongo vimevutwa kuelekea kusini, na Februari mwaka huo Uganda ikaongeza askari wake hadi Bunia. Mlinzi wa Ituri na Lubero kwa sasa ni mchanganyiko wa FARDC, Waganda, MONUSCO iliyopungua na wanamgambo wa Wazalendo, kila mmoja na amri yake. Mkuu wa nyumba kumi wa kijiji cha Lubero akiona wageni wenye silaha wakivuka mto jioni, leo hii hana namba moja ya simu ya kupiga ambayo ana hakika itapokelewa na mtu atakayefika kabla ya alfajiri.